Nyumba Iliyotolewa Kwenye Zamu

"Huyo hatafuti mke," kaka alisema, akigonga meza kwa kifundo cha kidole kama anavyogonga mbao dukani kwake, kusikia kama ndani mna mchwa. "Huyo anatafuta thawabu."

Dada yake, mshona nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, hakujibu. Alikuwa na pini mdomoni na gauni la mteja mapajani, na mtu mwenye pini mdomoni hadaiwi jibu. Ndiyo maana kila kaka yake alipokuja na ushauri, yeye alikumbuka ghafla kwamba kuna pindo halijashonwa.

"Thawabu gani tena, baba watoto?" aliuliza wifi yake kwa niaba yake.

"Si tumefundishwa kuwaangalia wajane? Basi, mwenzetu kapata mjane wake anamwangalia. Jumamosi yuko kwa yule mzee kipofu, mara yuko kwa yule bibi asiyeamka kitandani, mara yuko hapa kwa dada yangu. Sasa kipofu hawezi kumwoa. Bibi hawezi kumwoa. Nani kabaki?"

Wifi alicheka, kisha akamtazama Fundi na kukimeza kicheko chake.

"Halafu anaringa kwa utakatifu," kaka aliendelea. "Ulipovunjika mguu, wewe mke wangu, si yeye na kikundi chao cha kanisani walikuja kutufulia na kutupikia? Nikatoka mwenyewe, nikanunua soda, nikazipanga mezani. Hakuna aliyefungua hata moja. Huyo Spana wako ndiye aliyeniambia, 'Asante kaka, hatunywi.' Soda! Ningempa pombe angesemaje?"

"Walikuwa na haraka," Fundi alisema, pini zikimtoka.

"Na fundi bomba gani huyo? Mwaka mzima anatengeneza bomba moja, na bado linavuja!"

Wote watatu wakanyamaza bila kutaka, na kutoka jikoni bomba likawajibu: to, to, to.

Kaka alisimama, akavaa kofia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kupingwa. Marehemu mume wa Fundi alipougua, kaka huyu ndiye aliyembeba mgongoni kumpandisha ngazi za hospitali. "Kesho baada ya ibada atakuja hapa, nami nitakuwepo," alisema kwa upole. "Nitampa jibu utakalonipa wewe. Sikukatazi, dada yangu. Nataka tu ujue kama unaolewa au unahudumiwa."

Waliondoka. Fundi akabaki na gauni la watu mapajani, na neno lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa sababu kuhudumiwa alikujua. Tangu alipozikwa mume wake, watu walimsemesha kwa sauti ya chini, wakiinamisha kichwa upande mmoja. Wateja walimlipa zaidi ya bei kisha wakashika mkono wake kwa muda mrefu. Alishukuru, Mungu anajua alishukuru, lakini ilifika mahali akiona kichwa kinainama upande anatamani kukishika kwa mikono miwili akinyooshe. Kikundi cha huduma cha kanisani kwao kilikuja kumsaidia nyakati zile, na pamoja nao alikuja fundi bomba mrefu, mpole, mwenye spana mfuko wa nyuma siku zote hata akivaa suruali ya kanisani. Wengine walipopungua, yeye aliendelea kuja. Na Jumapili iliyopita, akiwa ameshika spana yake kifuani kama mtu anayekula kiapo, alimwomba awe mke wake.

Je, huyu naye kichwa chake kiliinama? Fundi alijaribu kukumbuka, akashindwa. Alijua macho yake tu. Yalikuwa macho ya kumtazama mtu anayependwa, au macho ya kumtazama mtu anayehurumiwa? Mbona yanafanana hivyo?

Kuuliza si ujinga. Alijitia utepe wa kupimia shingoni, akachukua mkasi na uzi, akafunga mlango. Kama Spana anamtazama yule mzee kipofu vilevile anavyomtazama yeye, basi kaka ameshinda, na yeye atasema hapana, hata kama hapana hiyo itamtoa machozi mwaka mzima.

*

Mzee kipofu aliitwa Babu Redio, maana redio yake haikuzimwa tangu aamke hadi alale. Aliishi chumba kimoja, nyuma ya duka la vioo. Fundi alipobisha, alikuwa ameketi kitandani, kucha zimekatwa, kanzu imefuliwa, chumba kinanukia sabuni.

"Hodi, Babu. Mimi ni fundi cherehani. Nimesikia pazia lako limechanika."

"Umesikia wapi? Mimi mwenyewe sijui kama lina rangi, nitajuaje kama limechanika?" Akacheka peke yake. "Karibu, mama, karibu. Spana katoka hapa sasa hivi. Nusura anikate kidole, nikamwambia, kata tu, vingine vipo."

Fundi alishusha pazia, ambalo kweli lilikuwa limechanika, Mungu si Athumani. Akaanza kulishona kwa mkono karibu na dirisha. "Anakuja siku nyingi?"

"Tangu macho yangu yalipofunga duka. Ananiosha, ananisomea Biblia, ananibishia mpira. Mtu mwema. Ila ana kiburi."

Sindano ilisimama. "Kiburi, Spana?"

"Kiburi! Hajawahi kunywa hata maji humu ndani. Kila Jumamosi nachemsha chai. Naungua vidole, nachemsha. 'Babu, asante, sisi hatunywi nyumba tunazohudumia.' Anakuja na chupa yake ya maji kama mtu anayesafiri. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone, walijua wanasema nini? Mimi nitapona lini?"

"Hata maji?" Fundi aliuliza taratibu.

"Hata maji, mama."

Fundi alishona mishono kadhaa bila kuiona. Kwake Spana alikunywa chai. Alikunywa vikombe viwili, akakung'uta cha pili kuangalia kama kimebaki kitu. Siku moja alionja, akakunja uso, akasema bila aibu, "Leo sukari imekwenda wapi?" Aliwahi hata kumletea shati lake lililochanika kwapani, akaliacha juu ya cherehani kama la nyumbani. Yeye aliona ni mazoea ya kawaida tu. Sasa huyu mwenye kanuni kali hivi kwa kipofu, kwake imekuwaje? Amemdharau?

"Na bomba lako, Babu? Limepona?"

"Alilitengeneza siku moja, mwaka juzi. Mpaka leo halijatoa hata tone. Yule kwa mabomba ni daktari."

Fundi aliuma uzi kwa meno. Jambo hili sasa lilikuwa limeanza kumwasha kama upele.

"Babu," alisema, "hiyo chai yako bado ipo?"

Mzee aligeuza uso wake wote kuelekea sauti, kama aliyesikia jina lake likitajwa redioni. Alitafuta kikombe kwa kupapasa, akakifuta mara mbili, akamimina bila kumwaga. Fundi alikaa akanywa mpaka mwisho, akasifia, akaongezewa. Hakukumbuka kama aliwahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile kwa kupoteza majani yake ya chai.

*

Mlezi wa kikundi cha huduma alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwenye mikono mipana, ambaye wote walimwita Mama Mlezi. Fundi alimkuta ukumbini mwa kanisa akikunja mashuka ya wagonjwa, akamshikia ncha mbili za shuka bila kuambiwa.

"Mama, naomba kuuliza. Kwa nini hamnywi chai kwenye nyumba za watu?"

"Ah, hiyo!" Mama Mlezi alikunja, Fundi akakunja. "Zamani tulikuwa tunakula na kunywa bila breki. Siku moja tukaenda kwa mama mmoja kumpalilia bustani. Akatuchinjia kuku, tukala, tukamshukuru Mungu kwa kuku. Kumbe alikuwa mmoja tu, na watoto walikuwa wanamngojea atage. Sikulala. Kesho yake nikaweka kanuni. Tunakwenda kutumika, hatuendi kutumikiwa. Hata maji, mtu aje na yake."

"Na wote wanaifuata?"

"Anayeivunja namjua, na anayeifuata kuliko wote ni Spana."

Fundi alilamba midomo. "Kwangu anakunywa, mama."

Mama Mlezi aliliacha shuka likalegea. "Kwako lini?"

"Kila Jumamosi jioni, akija zamu."

"Zamu gani, mwanangu? Nyumba yako haimo kwenye zamu. Aliomba niitoe tangu mwaka jana, kabla ya mvua."

Shuka lilianguka lote. Fundi aliinama kuliokota, akashukuru kupata sababu ya kuinama. "Aliomba mwenyewe?"

"Mwenyewe. Akasema hawezi tena kukuhudumia. Nikamwambia nitampa mwingine nyumba hiyo. Akasema hapana, pale hakuna tena mwenye shida. Nikadhani cherehani imeanza kukulipa." Mama Mlezi akamkazia macho ya kiuguzi. "Sasa kama haji kwa zamu, anakuja kufanya nini?"

"Anatengeneza bomba," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Mwaka mzima?"

Kutoka jikoni mwa ukumbi ilisikika nyundo ikigonga chuma. Mama Mlezi aliinua kidevu kuelekea huko. "Yumo humo, chini ya sinki. Mimi nina mashuka."

*

Iliyoonekana ni miguu tu. Miguu mirefu, imetoka chini ya sinki la ukumbi, soksi moja ina tundu. Kando yake kulikuwa na ndoo na taa ya mkononi.

"Nisogezee hilo kopo, Mama Mlezi," sauti ilisema kutoka ndani.

Fundi akalisogeza.

"Asante, mama."

"Si Mama Mlezi."

Kikasikika kishindo cha kichwa kugonga chuma, kisha neno ambalo halisemwi kanisani, kisha ombi fupi la msamaha kwa Mwenyezi Mungu. Miguu ikaanza kujivuta.

"Kaa humohumo!" Fundi alisema. "Usitoke. Nina swali, na nikikuona uso nitalisahau."

Miguu ikatulia. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Fundi alipiga magoti sakafuni, utepe wake wa kupimia ukigusa maji.

"Kwa nini ulinitoa kwenye zamu?"

Maji yalidondoka ndooni. Spana hakujibu upesi, na Fundi alimpenda kwa hilo hata akiwa na hasira, maana mwongo huwa na jibu tayari.

"Kwa sababu nilikuwa nadanganya," alisema hatimaye.

"Ukinidanganya mimi?"

"Wewe pia. Lakini zaidi Bwana." Alikohoa. "Siku ya kwanza nilipotengeneza bomba lako, lilipona palepale. Nikafungasha vyombo. Ukaniambia, kaa basi unywe chai. Kanuni naijua, nimeisema mara mia. Lakini ukaniuliza, 'Unapenda sukari kiasi gani?' Unajua, watu wote huniuliza naweza kufanya nini. Utaweza paa? Utaweza choo? Wewe uliniuliza napenda nini. Nikakaa."

Fundi hakuthubutu kusogea.

"Jumamosi iliyofuata sikuwa na kazi kwako. Bomba zima, paa zima, mlango mzima. Nikachukua kipira cha bomba kilichochakaa, nikaja kukagua. Nikatoa kizuri, nikaweka kibovu."

"Uliharibu bomba langu!"

"Sikuliharibu. Nililirudisha nyuma kidogo."

"Spana! Majirani wanasema wewe ni fundi mbovu! Kaka anakucheka kila siku! Nimekutetea mpaka nimechoka!"

"Nilisikia. Nikaona ni adhabu inayonifaa." Sauti yake ilishuka. "Nikisali jioni huwa namweleza Bwana nimekwenda wapi. Nimekwenda kwa Babu, nimekwenda kwa bibi. Nikifika kwako nakwama. Kwa Babu nilipeleka kitu. Kwako nilikwenda kuchukua. Nilikuwa nakaa kiti chako, nasikiliza cherehani yako, nakuangalia ukigombana na vifungo, halafu nakwenda kumwambia Mungu, leo nimemtembelea mjane. Malipo nimeshayanywa, tena na sukari! Nikaona huu ni wizi. Nikamwomba Mama Mlezi aitoe nyumba yako, nikawa nakuja kwa ajili yangu."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa bado na pete ya marehemu kidoleni. Ningekuambia nini?"

Fundi alitazama kidole chake, ambacho kilikuwa kitupu tangu miezi kadhaa iliyopita, na hakuna aliyejua alilia kiasi gani siku ya kuivua. Kumbe kuna mtu aliyeona. Furaha ilimpanda kifuani, akaizuia, kwa sababu swali lililo kubwa bado hakuliuliza.

"Na nikiugua?" alisema. "Nikawa kama yule bibi, wa kugeuzwa kitandani na kulishwa kijiko? Utanirudisha kwenye zamu yako ya huruma?"

Hapo Spana alitoka. Alijivuta, akaketi sakafuni mbele yake, shati limelowa, paji la uso lina nundu mpya. Kichwa chake kilikuwa kimenyooka. Fundi aliangalia hilo kwa makini kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

"Nitakugeuza na nitakulisha," alisema. "Lakini bibi wa watu sijawahi kumnung'unikia hata siku moja. Wewe nitakununia. Ukikataa uji nitakasirika, nitatoka nje, nitapiga mlango, kisha nitarudi kukubembeleza. Huruma yangu ina adabu sana, Fundi. Huku kwako sina adabu hiyo."

Fundi alicheka mpaka akajishika kwenye sinki. "Na ukiugua wewe?"

"Mimi?" Alionekana kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. "Mimi sijazoea."

"Utazoea. Babu Redio anakunung'unikia chai yake mwaka wa pili sasa. Mzee anaungua vidole, wewe unamwonyesha chupa. Unadhani yeye hataki kumtumikia mtu? Unadhani mimi sikupona kidogo kila ulipokung'uta kikombe changu?"

Spana alichukua kitambaa, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. "Nitamwambia Mama Mlezi," alisema. "Kuhusu Babu. Kanuni ya kuku haina haja ya kufika kwenye chai." Kisha akamtazama. "Na jibu langu?"

"Jibu la kesho linatoka kesho."

"Basi jioni nije nitengeneze bomba. Safari hii kweli."

"Usije. Kesho njoo, na hiyo spana uiache nyumbani."

*

Jumapili Spana aliingia sebuleni kwa Fundi akiwa amepiga pasi mpaka soksi, na mikono yake haikujua ikae wapi. Mfuko wa nyuma wa suruali yake ulikuwa mtupu. Wifi aliliona hilo kwanza, akamfinya Fundi.

Kaka aligonga meza. "Karibu. Umekuja kutengeneza nini leo?"

"Leo sikuja kutengeneza, kaka. Nimekuja kuomba."

"Hilo geni." Kaka aliegemea kiti. "Nitasema wazi, unisamehe. Wewe unasifika mtaa mzima kwa kusaidia wenye shida. Mimi dada yangu sitaki aingie kwa mtu kama mzigo wa sadaka. Kwa hiyo niambie, dada yangu ana shida gani mpaka umwoe?"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na trei ya chai. Safari hii hakuwa na pini mdomoni.

"Dada yako hana shida yoyote," Spana alisema. "Anajishonea, anajilisha, anajichekesha. Mwenye shida ni mimi. Nikitoka kwa watu wote jioni, nyumba ninayotaka kurudi ni hii, na kila siku ninalazimika kuaga."

Kaka aliinua kidole chake kugonga meza, akakishusha bila kugonga.

Fundi aliweka kikombe mbele ya Spana. Spana akakinyanyua, akaonja, akakunja uso.

"Sukari haijatosha," alisema.

Wifi alishika kinywa. Kaka aliinama mbele, akakitazama kile kikombe kama kitu kilichomshinda. "Wewe si ndiye uliyekataa soda yangu?"

"Ni mimi, kaka."

"Soda baridi! Nimetoa pesa yangu! Leo unakunywa chai ya dada yangu, tena unadai sukari?"

"Kwako nilikuja kutumika," Spana alisema. "Hapa sijui nisemeje. Hapa nimekuja na kiu."

Kaka akamgeukia dada yake. "Haya, dada. Mwanaume anangoja. Jibu lako ni lipi?"

"Ngoja kwanza nimwekee sukari," Fundi alisema.

"Nimekuuliza jibu, unaniambia habari za sukari. Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo, kaka."

Alikwenda jikoni kwa hatua za kawaida, lakini sukari ilimwagika kwenye sinki, na bomba likaidondokea: to, to, to. Alisimama hapo akilia na kucheka, mgongo umegeukia mlango. Nyuma yake sebuleni alimsikia kaka yake akivuta kiti karibu na meza, akimimina chai yake mwenyewe.

"Sasa, shemeji," kaka alisema kwa sauti ya ukali wa kujilazimisha, "hilo bomba litapona lini?"

"Leo sikuja na spana, kaka," Spana akajibu.